Kipindi cha dini shuleni kwenu kinafundishwa kweli? Mwongozo wa kukikagua hatua kwa hatua

Kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu imebandikwa ratiba. Jumatano, kipindi cha mwisho, pameandikwa neno moja: DINI. Nenda siku hiyo ukaone. Wanafunzi wa Kiislamu wamekaa chini ya mwembe wakimsubiri ustadhi ambaye hajaonekana tangu wiki juzi. Wakristo wamejazana katika chumba cha darasa la nne, madarasa manne kwa pamoja, na mwinjilisti mmoja anawaimbisha mapambio kwa sababu sauti yake haifiki nyuma. Wawili watatu wasio wa upande wowote wanafagia uwanja. Kengele inalia, watoto wanakwenda nyumbani, na kipindi kinahesabiwa kuwa kimefundishwa.

Nimefundisha shule za msingi za serikali hadi kustaafu, kisha nikaingia kwenye kamati ya shule mtaani kwetu hapa Tanga. Nimeona vipindi vya dini vilivyowajenga watoto, na nimeona vingi zaidi vilivyokufa bila mtu kuvililia. Mtoto akipata sifuri ya Hisabati mzazi anafika shuleni asubuhi yake. Mtoto huyohuyo akimaliza shule akiwa hawezi kueleza sala anayoisali kila siku maana yake nini, hakuna anayeuliza. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mzazi, mjumbe wa kamati, imamu au mzee wa kanisa anayetaka kuuliza, na kuuliza vizuri. Yanahusu hasa shule za serikali za Tanzania Bara, ingawa mwenye mtoto shule binafsi naye ataokota la kumfaa.

Tuanze na hesabu. Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, tuseme wiki 36 za masomo kwa mwaka ukiondoa wiki za mitihani, ni dakika 1,440. Hizo ni saa 24. Mwaka mzima wa elimu ya dini shuleni ni siku moja na usiku wake. Ukipotea nusu, zimebaki saa 12. Muda mdogo hivyo ndio unaotaka kulindwa kwa macho.

Kwanza ujue nani anawajibika kwa lipi

Watu wengi hukosea hapa, wakaenda kugombana na asiyehusika. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata shule zilizokuwa za misheni, zilipochukuliwa na serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, hazikuendelea kuwa za kanisa. Kwa mpangilio huo shule hutoa muda na chumba, na taasisi ya dini hutoa mwalimu na mafundisho.

Kwa hiyo milango ya kubisha hodi ni miwili. Ustadhi asipokuja, bisha msikitini, BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) ya kata au taasisi iliyomtuma. Katekista asipokuja, bisha parokiani; mwinjilisti asipokuja, bisha usharikani. Lakini ustadhi akija akakuta watoto wamepelekwa shamba la shule, au katekista akakuta chumba kimefungwa, hapo mlango ni wa mwalimu mkuu.

Zanzibar ni habari nyingine. Kule dini ya Kiislamu ni somo la kawaida kwenye shule za serikali na lina mwalimu wake mwajiriwa, hivyo mengi nitakayosema kuhusu walimu wa kujitolea hayawahusu.

Hatua ya 1: Tenganisha kipindi, somo la mtihani na ibada

Shuleni kuna vitu vitatu vinavyoitwa "dini", na ukivichanganya utapewa majibu yasiyo yako.

Cha kwanza ni kipindi cha dini, kile cha kila wiki kwa wanafunzi wote. Cha pili ni somo la mtihani, ambalo lipo sekondari kwa anayelichagua. Mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) wa kidato cha nne una Bible Knowledge, namba 014, na Elimu ya Dini ya Kiislamu, namba 015, ambayo wanafunzi huiita EDK. Kidato cha sita kuna Divinity, 114, na Islamic Knowledge, 115. Cha tatu ni ibada na vyama vya wanafunzi: UKWATA, TYCS na CASFETA vya Wakristo, TAMSYA cha Waislamu, na vingine. Vyama hivi vinalea imani na ushirika, na vijana wengi wameokolewa navyo katika maisha ya bweni. Lakini havifanyi kazi ya kufundisha somo. Mkuu wa shule akikwambia, "Hapa kwetu dini iko vizuri, vijana wanasali sana," amekujibu kuhusu ibada. Mrudishe taratibu kwenye swali lako.

Hatua ya 2: Ingia kwa mlango wa mbele, na msiwe wa dini moja

Ushauri wangu mkubwa kuliko yote katika hatua hii: usiende peke yako, na usiende na mwenzako wa dini yako tu. Mtafute mzazi wa dini nyingine mwenye mtoto darasa lilelile. Akienda Mwislamu peke yake, mwalimu mkuu atajiuliza ametumwa na nani. Vivyo hivyo akienda Mkristo. Mkiingia pamoja hofu inapungua nusu kabla hamjaketi.

Mpelekeeni barua fupi kupitia kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, au bodi kwa sekondari. Sisi tuliandika hivi:

"Mwalimu Mkuu, sisi ni wazazi wa wanafunzi wa darasa la tano. Tunaomba kuona jinsi kipindi cha dini kinavyoendelea muhula huu. Tunaomba kuona ratiba, kuangalia madaftari machache ya wanafunzi, na kuketi darasani kipindi kimoja kwa kila dini. Hatutapiga picha wala kurekodi sauti. Tutakayoyaona tutayaleta kwako kwanza."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, basi itimizeni. Picha ya darasa tupu ikishazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, hakuna mwalimu atakayekukaribisha tena, na atakayekosa ni mtoto.

Hatua ya 3: Hesabu vipindi vilivyofundishwa, achana na vilivyopangwa

Ratiba inakuonyesha nia. Daftari linakuonyesha kilichotokea.

Omba madaftari matatu ya dini kutoka kwa wanafunzi wasiokosa shule. Chagua wahudhuriaji wazuri kwa makusudi, ili tarehe isipokuwepo ujue kipindi hakikuwepo, usiwe na shaka kwamba mtoto alikuwa mgonjwa. Hesabu tarehe tangu shule ifunguliwe, kisha hesabu wiki. Kama shule ina shajara ya somo la dini, linganisha. Na kama watoto hawana daftari la dini kabisa, hilo lenyewe ni jibu, ingawa kwa madarasa ya chini si lazima liwe jibu baya.

Shule moja niliyoiangalia, tangu Januari mpaka mwishoni mwa Mei, daftari bora kuliko yote lilikuwa na tarehe saba. Tulipouliza wiki moja moja zilikokwenda, ustadhi hakuwa mvivu kama tulivyodhani. Mara kadhaa alifika akakuta darasa la saba lina mtihani wa majaribio na madarasa mengine yamefukuzwa ili pawe na utulivu. Mara nyingine kipindi kililiwa na usafi, michezo, au kikao cha walimu. Hayo ndiyo matatizo ya kipindi cha mwisho wa siku: kila jambo la dharura linakatwa kutoka mkiani. Na shule zilizoweka dini Ijumaa mchana zimejikuta zikigongana na swala ya Ijumaa, ustadhi yuko msikitini wakati anaotakiwa kuwa darasani.

Kipimo changu ni hiki. Vikifundishwa vitatu katika kila vinne, endelea na hatua nyingine. Vikiwa chini ya nusu, simama hapo. Hakuna haja ya kujadili ubora wa chakula ambacho hakijapikwa. Rekebisheni kwanza mahudhurio na nafasi ya kipindi kwenye ratiba.

Hatua ya 4: Mjue mwalimu

Mkaribishe chai kwanza. Walimu wengi wa dini mashuleni wanajitolea. Wanakuja kwa miguu au kwa nauli ya bodaboda wanayoitoa mfukoni, wakiacha kibanda cha biashara au shamba. Mtu wa namna hiyo huendi kwake na kalamu ya ukaguzi.

Mkishazoeana, uliza mambo haya.

Nani kamtuma? Mwalimu wa dini anayetoka nje ya shule awe na barua ya utambulisho kutoka kwenye taasisi yake, na nakala yake ibaki ofisini. Hilo ni suala la usalama wa mtoto kabla halijawa suala la elimu. Mtu mzima yeyote anayeingia kufundisha watoto lazima ajulikane anakotoka na anakoishi. Kipindi kifanyike mahali pa wazi, madirisha wazi, na asibaki mtoto mmoja na mwalimu nyuma ya mlango uliofungwa, hata kwa maungamo, hata kwa dua.

Anatumia fimbo? Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinasema anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa dini kutoka nje hana ruhusa hiyo. Wapo wanaokuja na bakora kwa mazoea ya chuoni au nyumbani, na wazazi wananyamaza kwa heshima ya dini. Msinyamaze.

Amesoma wapi, na amefundishwa kufundisha? Haya ni maswali mawili. Nimemwona sheikh ambaye msikiti mzima unamsikiliza kwa machozi, akawekwa mbele ya watoto wa miaka tisa akatoa hotuba ileile. Dakika ya kumi wakawa wanachorana mikono kwa kalamu. Nimemwona pia mama wa umoja wa wanawake wa kanisa, elimu yake darasa la saba, aliyewashika watoto sitini kwa hadithi moja na vipande vitatu vya chaki. Elimu ya dini inahitajika, ndiyo, kwa sababu asiyejua atafundisha aliyoyasikia vijiweni. Lakini pasipo ufundi wa kufundisha, elimu hiyo inabaki kwa mwenyewe.

Mahali pengine kipindi kinashikwa na mwalimu mwajiriwa wa shule ambaye ni muumini wa dini hiyo. Faida yake yupo kila siku na anajua kuandaa somo. Hasara yake hukitumia kipindi kumalizia Sayansi. Angalia madaftari, yatasema.

Mwisho, ulizeni nauli yake inatoka wapi. Ikiwa jibu ni "mfukoni mwangu", mmeshajua kwa nini wiki nyingine haonekani.

Hatua ya 5: Muhtasari na vitabu

Hapa hutakaa sana. Uliza anafuata muhtasari gani na umeandaliwa na nani. Kwa shule za msingi mihtasari ya dini hutoka kwenye taasisi za dini zenyewe. Omba kuona azimio la kazi, hata likiwa ni ukurasa mmoja wa kuandika kwa mkono, mradi lionyeshe wiki hii anafundisha nini na wiki ijayo nini. Asiye nalo kwa kawaida hufundisha lililomjia njiani, na watoto husikia hadithi ya Yona au ya Nabii Yunus mara tano kwa mwaka.

Jambo moja hasa kwa upande wa Waislamu. Watoto wetu wengi huku pwani wanakwenda chuoni jioni au asubuhi za mwisho wa wiki. Ustadhi wa shule asipozungumza na ustadhi wa madrasa, mtoto anayesoma juzuu kamili jioni anarudishwa alifu na be mchana, na mwenzake asiyekwenda chuoni kabisa anaachwa nyuma. Wakutanisheni hao wawili. Wakristo nao waulize kama mafundisho ya Kipaimara au Komunyo ya Kwanza yanasukumwa ndani ya kipindi cha shule, maana hapo watoto wa madhehebu mengine waliomo chumbani hawana lao.

Hatua ya 6: Keti darasani

Fika kabla ya kengele, keti nyuma, weka simu mfukoni. Chukua karatasi, igawe pande mbili. Upande mmoja tia alama kila mtoto anapoitikia pamoja na wenzake: "Ndiyoooo!", "Aminaaa!", au kumalizia neno aliloanza mwalimu. Upande wa pili tia alama kila mtoto mmoja anapozungumza kwa maneno yake mwenyewe. Usihesabu kitu kingine chochote.

Baada ya dakika 40 karatasi hiyo itakueleza zaidi ya maoni ya watu kumi. Upande wa kwanza ukiwa na alama hamsini na wa pili sifuri, ulichokiona ni mahubiri kwa watoto. Kwa darasa kubwa, alama sita au saba upande wa pili ni nzuri mno.

Sisemi kuitikia pamoja ni kubaya, wala kuhifadhi. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu kuna walimu wa vyuo vya ualimu wanaokejeli kuhifadhi. Sura aliyoihifadhi mtoto akiwa na miaka saba atakuwa nayo kitandani mwake akiwa na miaka themanini. Baba Yetu aliyoisema na bibi yake atakuwa nayo siku ambayo hana neno lingine. Hiyo ni hazina. Ila hazina nayo inafunguliwa. Mwalimu mzuri anahifadhisha, halafu anasimama, anauliza: "Hapa tumesema nini?"

Sikiliza maswali ya mwalimu. "Nguzo za Uislamu ni ngapi?" ni swali la lazima, lakini likiwa ndilo la aina hiyo tu kipindi kizima, watoto wanahesabishwa. "Kwa nini mtu anayefunga anatakiwa pia azuie ulimi?" hilo linamfanya mtoto afikiri. Na siku ukibahatika mtoto akauliza gumu, kama vile "Kwa nini Mungu alimwacha mdogo wangu afe?", mtazame mwalimu. Akimkemea, darasa zima limejifunza kwamba dini haiulizwi. Akikaa kimya kidogo, akamjibu kwa upole, hata akisema "Hili ni gumu, hata mimi linanisumbua, tutaliongea", umempata mwalimu. Mshikeni asiwaponyoke.

Tazama pia wasichana wameketi wapi na wanaulizwa mara ngapi, na wenye ulemavu wa kusikia au kuona kama wamewekwa mbele. Na kama madarasa yamechanganywa, la tatu na la saba chumba kimoja, andika hilo kwa herufi kubwa. Hakuna mwalimu duniani anayeweza kulifundisha kundi hilo vizuri kwa kipindi kimoja.

Hatua ya 7: Waulize watoto wenyewe

Mtihani wa NECTA wa darasa la saba hauna somo la dini. Kwa hiyo shule ya msingi kipimo cha kweli ni mdomo wa mtoto. Omba wanafunzi sita, watatu wa kila dini, wasiwe wale waliochaguliwa kwa sababu ni hodari. Kaeni mahali panapoonekana, chini ya mti panafaa. Waambie hakuna alama.

Wape kitu wanachokijua, kisha wapeleke ngazi tatu: aseme, aeleze, atumie.

Kwa Waislamu mimi hutumia Suratul-Asr kwa sababu ni fupi, aya tatu tu, na karibu kila mtoto anayo. Aisome. Halafu: sura hii inasema binadamu yuko kwenye nini? Hasara. Nani hawamo kwenye hasara hiyo? Walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki, wakausiana subira. Halafu ngazi ya tatu: nipe mfano wa mtu aliye kwenye hasara. Mvulana mmoja wa darasa la sita aliniambia, "Kama muuza samaki aliyelala kibandani, akaamka jua limechwa na samaki wameoza." Baba yake anauza samaki Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga. Sikumuuliza kitu kingine. Mwalimu wake alikuwa ameshafanya kazi.

Kwa Wakristo hutumia Msamaria Mwema, Luka 10. Asimulie. Halafu: kwa nini Yesu alimchagua Msamaria, asimchague mtu wa kwao? Mtoto aliyefundishwa vizuri anajua kwamba Wayahudi na Wasamaria hawakupatana, na kwamba hapo ndipo uzito wa hadithi ulipo. Aliyekaririshwa atakwambia, "Tuwasaidie watu," akanyamaza. Halafu ngazi ya tatu: shuleni kwenu Msamaria ni nani? Majibu ya swali hili yamewahi kunitoa machozi, kwa sababu watoto hutaja majina ya wenzao wanaotengwa.

Au chukua Baba Yetu, pale pa kusamehe. Msichana mmoja aliniuliza, "Nikimsamehe aliyeiba kalamu yangu, naruhusiwa bado kumwambia mwalimu?" Swali hilo lina thamani kuliko majibu kumi sahihi. Andika maswali ya watoto, siyo majibu yao tu.

Usimuulize mtoto kama anampenda mwalimu wake wa dini, wala kama anasali nyumbani. La kwanza litamtia woga, la pili ni la wazazi wake.

Hatua ya 8: Kuhusu dini ya jirani

Waulize watoto walewale, kila kundi peke yake: "Mwalimu wenu amewaambia nini kuhusu dini ya wenzenu?" Kisha nyamaza usikilize.

Majibu mawili yananiridhisha. Moja ni "Hajatuambia kitu." Jingine ni "Ametuambia tuwaheshimu, na sikukuu zao tuwape hongera." Lakini ukisikia watoto wakirudia maneno ya mihadhara ya viwanjani, ya kuchambua kitabu cha mwenzio ili kumwumbua, hilo ni kosa zito hata kama mwalimu huyo anajua kila kitu. Watu wazima wakitaka kujadiliana, wana viwanja vyao. Mtoto wa darasa la nne ana shangazi wa dini ile, ana jirani aliyemlea siku mama yake yuko hospitali. Huku kwetu ndani ya ukoo mmoja mna Ramadhani na mna Krismasi. Kumfundisha kumdharau mwenzake ni kumfundisha kuidharau familia yake.

Halafu wale wanaofagia uwanja. Msabato, Mshia, Mhindu, Shahidi wa Yehova, au mtoto ambaye wazazi wake wanashika mila za wazee: anakwenda wapi wakati wa kipindi? Mara nyingine wanaingizwa tu kwenye kundi lililo karibu. Mara nyingine, mwalimu wa dini moja akikosekana, watoto wote wanapelekwa kwa yule aliyefika. Mzazi wa mtoto huyo lazima ajulishwe na akubali mwenyewe. Kama haiwezekani kupata mwalimu wao, wapewe cha maana cha kusoma. Ufagio wanaushika zamu kama wenzao, usiwe adhabu ya kuwa wachache.

Hatua ya 9: Sekondari, soma matokeo kwa akili

NECTA huweka matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti yake, shule kwa shule. Fungua ukurasa wa shule yenu: mbele ya kila namba ya mtahiniwa kuna masomo na madaraja yake, EDK ikiandikwa kwa ufupi E/D/KIISLAMU. Shuka chini kabisa utakuta jedwali la shule kwa kila somo lenye idadi ya waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, na wastani wa GPA. Wastani huu husomwa kinyume na watu walivyozoea: kadiri unavyokaribia 1 ndivyo ulivyo bora, kadiri unavyokaribia 5 ndivyo ulivyo mbaya.

Tazama kwanza idadi. Shule yenye Waislamu au Wakristo sabini kidato cha nne halafu watahiniwa wa somo lao ni watano, wastani mzuri haukwambii lolote kuhusu wale sitini na tano. Huenda somo halifundishwi, na hao watano wamejisomea wenyewe usiku. Linganisha pia na Kiswahili na Historia za wanafunzi haohao. EDK hufanywa kwa Kiswahili, na sehemu yake kubwa ni maelezo na insha. Mwanafunzi mwenye B ya Kiswahili na F ya EDK hakushindwa kuandika, hakufundishwa. Bible Knowledge hufanywa kwa Kiingereza, kwa hiyo ilinganishe na Kiingereza chake kabla ya kumlaumu mwalimu wa dini. Na chukua miaka mitatu. Mwaka mmoja unaweza kuwa wa kundi hodari au wa mwalimu aliyehama.

Hatua ya 10: Andika ukurasa mmoja, kisha rudi

Ukurasa mmoja unatosha. Anza na vipindi vilivyofundishwa kati ya vilivyopangwa, kwa namba. Kisha lililo zuri, kwa sababu lipo daima, na mwalimu wa kujitolea ana haki ya kulisoma kabla ya mengine. Kisha mambo mawili ya kurekebisha, yasizidi. Mkiandika kumi hakuna litakalofanyika. Mpelekeeni mwalimu mkuu kwanza, kama mlivyoahidi, halafu taasisi ya dini, halafu kikao cha kamati.

Yapo mambo yasiyosubiri ukurasa wala kikao: mtoto aliyepigwa akaumia, au dalili yoyote ya kushikwashikwa. Hilo linakwenda siku hiyohiyo ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu ya kumsaidia mtoto ni 116, bure. Asije mtu akawaambia mnaichafua dini.

Kwa mengine, anzeni na lisilo na gharama. Kutoa kipindi mkiani mwa siku na kukiweka katikati ya asubuhi hakuna bei, na kwenye shule yetu ndiko kulikoleta mabadiliko makubwa kuliko yote. Kugawa kundi la madarasa manne kuwa mawili kunahitaji mwalimu wa pili, na mara nyingi yupo msikitini au jumuiyani, hajaombwa. Nauli ya mwalimu kwa mwezi ni mchango mdogo wa waumini wakipitisha kikapu mara moja, mradi ubaki hiari na ufanyike huko kwenye nyumba ya ibada. Usigeuzwe mchango wa shule unaomrudisha mtoto nyumbani. Ufundi wa kufundisha mwombeni mwalimu mmoja mzoefu wa shule amkalishe ustadhi na katekista pamoja alasiri mbili, awaonyeshe kuandaa somo na kutumia ubao. Kwetu walikaa hao wawili meza moja, na tangu siku hiyo mmoja akipata dharura humpigia mwenzake simu ampitishie taarifa shuleni, ili watoto wasikae bure chini ya mwembe.

Muhula ukiisha, rudini. Ombeni madaftari matatu ya watoto walewale, fungueni, na mhesabu tarehe.